Misumari ya Msimu wa Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini, Kocha alinipa nyundo, mguu wa chuma wa fundi viatu na gunia la viatu vya kuchezea mpira. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, nimefunga tumbaku Urambo, nimechunga ng'ombe wa watu Igunga, na kote huko sikumaliza mwaka. Nilipanga chumba mtaa wa Isevya nikidhani napita tu. Nikakaa misimu sita, mtunza vifaa wa timu ya shirika.

Vijana wa leo hununua kiatu kikiwa tayari. Sisi njumu, vile vigingi vya ngozi ngumu chini ya soli, tulizipigilia wenyewe: sita kila kiatu, kila moja misumari mitatu. Ukimaliza, unaingiza mkono ndani na kupapasa, kuhakikisha hakuna msumari uliotokeza.

"Usiniambie umeangalia," Kocha alikuwa akisema. "Niambie umepapasa."

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ikatangazwa kwamba makao ya shirika yanahamia Mwanza, na timu ingehama msimu ukiisha. Wachezaji walikuwa waajiriwa, mimi kibarua. Orodha ya watakaohama iliandaliwa na Katibu wa timu. Nilitaka kujua kama jina langu limo. Nilimuuliza karani wa masjala, nikamuuliza dereva, hata mama muuza uji wa mtaa wa Cheyo ambaye binti yake alifagia ofisi. Katibu nilipomwamkia aliitikia marahaba huku anatembea.

Asubuhi ya mechi ya mwisho nilikuwa nimemaliza kupigilia kiatu cha kushoto cha nahodha wetu, Hamisi, nilipomwona karani akipita na jalada. Nikamkimbilia. Akasema hajui lolote. Niliporudi, kichwa kikiwa mbali, nikakiweka kiatu pamoja na vingine.

Hamisi alicheza dakika zote tisini akikanyagia kisigino. Watani wa upande wa pili walimwita bibi harusi. Tulitoka sare. Alipovua kiatu, soksi ilikuwa imelowa damu. Katibu akauliza kosa ni la nani. Hamisi akadai alikanyaga msumari akiwa peku, kabla ya mchezo. Nilijua nikinyamaza, yameisha. Lakini mguu ulikuwa wake.

"Ni mimi, Ndugu Katibu. Sikupapasa."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Orodha ilipigwa chapa mwezi uliopita," alisema. "Vibarua hawahami. Tulikuficha hilo kwa sababu wewe ni mtu wa kuondokaondoka. Tungempata wapi mwingine katikati ya msimu?"

Kocha alitazama chini. Wachezaji nao. Kumbe wote walijua.

Wiki iliyofuata nilifungasha vifaa, nikavibeba mpaka stesheni na kuvipakia kwenye behewa. Hamisi alinipa mkono kupitia dirishani.

"Tungekwambia, ungebaki mpaka msimu uishe?"

"Ningebaki."

"Mwongo wewe," akasema, akicheka, lakini mkono hakuuachia.

Baada ya hapo nimefanya kazi nyingi, nyingine za miezi tu, na sasa nimepumzika. Wanaonitembelea huniuliza kazi ipi ilikuwa ngumu kuliko zote. Mimi hujiuliza jambo jingine. Treni ilipoondoka nilisimama pale stesheni nikijaribu kujua kama nilimdanganya Hamisi, na mpaka leo sijajua.