Wiki Sita za Kuchagua Kichwa cha Santuri

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyenikaripia, lakini nilirudi nyumbani na hofu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Amukura, nimetoka kujifunza ufundi wa redio kwa masista, na ile karakana ya Malaba iliyonichukua haikuwa imewahi kuajiri mwanamke. Msimamizi wa Karakana, mtu mrefu aliyependa kuvaa koti jeupe kama daktari, alinikalisha mbele ya mtambo wa santuri, akafungua kichwa cha mtambo huo kwa bisibisi ndogo, akakiweka mezani.

"Dada, unaona nini?"

"Naona kidude cha plastiki, bwana."

"Angalia tena." Akanipa lenzi ya kukuzia.

Chini ya kile kidude niliona kijiti chembamba kama unywele, na kwenye ncha yake kitu kinachometameta. Hiyo ndiyo sindano. Sahani ya santuri ina mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, na sauti yote imo katika kuta za mfereji huo. Sindano hupita humo ikitikisika, na kichwa kinachoibeba hugeuza mtikisiko ule kuwa umeme, ambao baadaye spika huugeuza tena kuwa sauti.

"Hiyo ncha ni ndogo kuliko chembe ya chumvi," Msimamizi aliniambia. "Lakini ikiwa mbovu, kila sahani itakayopita chini yake itakwaruzwa, na mwenyewe hatajua mpaka siku atakapotaka kusikiliza. Yeye hajui la kuogopa. Wewe ndiye unajua."

Vijana wanaofanya kazi ya simu pale Malaba huniuliza kama kazi yangu ilikuwa ngumu. Ugumu haukuwa mkubwa. Ilikuwa kazi ya woga. Ukikosea waya wa redio, redio hunyamaza, nawe utaitengeneza kesho. Ukikosea kichwa cha santuri, mtambo huendelea kuimba huku ukila sahani ya mtu.

Miaka minne baadaye nilihamia Busia, kwenye ofisi iliyohifadhi sauti: hotuba, kwaya, hadithi za wazee. Mkubwa wangu aliitwa Mkuu wa Sauti. Hakupenda maneno mengi. Nyingi za sahani zetu zilikatwa mfereji wa sauti hapo hapo kwa mashine, moja moja. Hazikuwa ngumu kama zile za dukani. Zilikuwa bati lililopakwa rangi laini nyeusi, laini kiasi kwamba ungeweza kuichora kwa ukucha.

Siku moja kichwa chepesi tulichotumia kwa sahani hizo kiliharibika. Mgeni alikuwa akisubiri kusikia hadithi ya mzee mmoja wa Moding, na mimi sikutaka kuonekana nimeshindwa. Nikafunga kichwa cha kauri, kile kizito cha mitambo ya baa, kinachotoa umeme mwingi lakini kinakandamiza kama jembe. Nikateremsha sindano. Mzee akaanza kusimulia, na mbele ya sindano ukajikunja uzi mweusi, mwembamba, unaorefuka. Nilidhani ni vumbi. Mkuu wa Sauti alinyanyua mkono wa mtambo kwa kidole kimoja.

"Unauona huo uzi?" aliniuliza. "Huyo ni mzee anaondoka."

Yule mzee alikuwa ameshazikwa, na sahani nyingine haikuwepo. Sikufukuzwa kazi. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoteremsha sindano mkono wangu uliingia baridi mpaka kwenye kiwiko.

Ofisi ile ilipofungwa nilirudi Malaba nikawa na kibanda changu, nikitengeneza redio za madereva wa malori na kila kitu chenye waya. Macho yalipochoka nikastaafu, nikahamia Adungosi kulima mihogo. Nilidhani habari za sindano zimekwisha.

Asio alinipata huko. Ni mwalimu wa Moding, mwanamke wa makamo, na mumewe ni ajenti wa kutoa mizigo mpakani. Alikuja kwa boda boda amepakata mtambo wa santuri, ambao mumewe aliununua kwa mtu aliyekuwa akihama Tororo. Mgongoni alikuwa na sahani moja, imefungwa ndani ya kitenge.

"Mama Fundi, sindano imevunjika," alisema. "Nataka unichagulie kichwa kingine. Lakini kizuri, si hivi vya mtandaoni."

Nilifungua kitenge. Nilipoona ile rangi laini nyeusi ikimenyeka kidogo ukingoni, nilirudisha mikono yangu mapajani.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni ya mama. Watu wa kurekodi walikuja shuleni kwetu zamani, wakarekodi kwaya. Dada yangu Atyang alikuwa anaimba. Alikuwa na kifua, na muhula huo huo akafariki. Mwalimu mkuu akampa mama sahani. Mama aliicheza mara tatu, akashindwa kuvumilia, akaifungia sandukuni. Sasa anataka."

"Kwa nini sasa?"

"Sikio la kushoto limekufa. La kulia daktari anasema halitamaliza mwaka."

Nilikipima kile chombo. Kichwa kilichovunjika kilikuwa cha kauri. Nilishukuru kwamba kilivunjika kabla ya kuigusa sahani. Tulihitaji kichwa cha sumaku, ambacho hukanyaga kwa uzito mdogo. Umeme wake ni hafifu, kwa hivyo amplifaya, yaani kikuza sauti, lazima iwe na mlango maalumu wa kuunganishia santuri, na ile ndogo aliyokuja nayo Asio ilikuwa nao. Mkono wa mtambo ulikuwa mzito, kwa hivyo kijiti cha sindano kisiwe laini mno, la sivyo mkono utarukaruka. Ikabaki ncha. Kuna ncha ya duara, na kuna ncha ya umbo la yai, ambayo huingia ndani zaidi ya mfereji na kufaa sahani zilizolika. Lakini ya yai hukanyaga mahali padogo, na penye rangi laini padogo huumia. Sahani iliyochezwa mara tatu haijalika. Jawabu lilikuwa ncha ya duara, na jawabu hilo nilikuwa nalo siku hiyo hiyo, jua halijafika utosini.

Nikamwambia Asio, "Nipe wiki moja nifikirie."

Kichwa kilifika kutoka Nairobi ndani ya siku tano. Nilikitazama kwa lenzi nikasema huenda ni cha bandia, maana viko vingi. Nikaagiza cha pili kupitia mtu wa ng'ambo ya mpaka. Kilipofika kilikuwa ndugu pacha wa kile cha kwanza. Nikasema mizani yangu ya gramu imezeeka, nikatafuta nyingine. Nikasema ni msimu wa mvua, rangi imevuta unyevu. Asio alipiga simu kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilikuwa na sababu mpya ya kifundi, asiyoweza kuibishia.

Wiki ya sita hakupiga simu. Alikuja na mama yake.

Mama Asio alikuwa mdogo wa mwili, rozari shingoni, amenyooka kitini. Nilimsalimia, akaitikia kitu kingine kabisa. Asio aliinama akapaza sauti sikioni mwake, kisha akanigeukia.

"Mama Fundi, mimi sijui vyuma. Lakini nimefundisha watoto miaka thelathini, najua mtu anayeogopa kufanya mtihani. Unaogopa nini?"

Nikamweleza habari ya Busia, na ule uzi. Sikuwa nimemwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Asio akamtazama mama yake. "Na ukiharibu, mama atakosa kusikia. Usipoicheza, atakosa kusikia. Sasa tofauti ni nini?"

Nikachukua bisibisi. Nilifunga kichwa kwa skrubu mbili, nikaunganisha nyaya nne, nyekundu, nyeupe, kijani na buluu, kila mmoja kwenye jino lake nyuma ya kichwa. Nilipima uzito wa sindano, gramu mbili. Nilijaribu kwanza kwa santuri yangu kuukuu ya rumba, nikaitazama kwa lenzi. Safi. Nikamwambia Asio aweke simu yake karibu na spika irekodi. Kisha nikaiweka sahani yao, nikashika mkono wa mtambo, na ile baridi ikanijia mpaka kiwikoni.

Sindano ilishuka. Kulikuwa na mvumo, halafu watoto wakaanza, wimbo wa kanisa kwa Kiteso, sauti nyembamba kama zinatoka ng'ambo ya mto. Mama Asio alikuwa ameegemeza sikio la kulia kwenye kitambaa cha spika. Uso wake haukubadilika. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano, yakitafuta uzi.

Kwenye ubeti wa pili ukaja mlio: kah! Mkavu, mkubwa kuliko wimbo. Kisha mwingine. Nikajua rangi inavunjika, sindano imechimba, nimefanya tena. Nikapeleka kidole kuunyanyua mkono wa mtambo.

Mama Asio alinidaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Acha!" alisema kwa Kiteso. "Ni yeye. Anakohoa."

Tulikaa hivyo, amenishika, mpaka upande ukaisha. Atyang alikohoa mara tano. Katika mara ya tano alisikika akijizuia, kama mtoto aliyeziba mdomo kwa kiganja. Niliitazama sahani kwa lenzi na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama Asio alisema irudiwe, nikairudia.

Walipokuwa wakiondoka nilimsikia akimuuliza Asio jambo mlangoni. Asio alimjibu kwa sauti kubwa, mara mbili, kisha akaendelea kufunga kitenge.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anauliza mbona wenzake Atyang hawakuimba."

Nilibaki nimesimama na bisibisi mkononi. Watoto zaidi ya ishirini walikuwa wameimba mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Sikio lake lilikuwa limebakiza nafasi ya kikohozi tu. Wiki sita kabla lingebakiza nini, daktari hawezi kuniambia, wala Asio hajawahi kuniuliza. Tukikutana sokoni hunisalimu vizuri na kuniambia mama hajambo. Sasa hasikii kabisa.

Kustaafu hakukuniondolea woga wa kazi. Bado watu huniletea mitambo, maana siku hizi vijana wa mjini wamezipenda tena santuri, na huniuliza kichwa kipi ni bora. Nawaeleza uzito, ncha na mkono. Kisha nakifunga siku hiyo hiyo, mwenyewe akiwa bado amekaa.