Siku Niliyomnyima Fundi Neno la Siri

Mimi sikupita darasa la sita. Nalisema mapema, asije mtu akadai nilibebwa na shule. Nilibeba magunia kiwandani Industrial Area nikilala Mukuru kwa Reuben, na nilipohama huko nilihama na kompyuta, kuukuu lakini yangu, niliyoinunua kwenye mnada wa ofisi iliyokuwa ikifungwa. Niliiweka chumba cha mbele kule mtaa wa Fedha, watu wakawa wanalipa kucheza ule mchezo wa kukimbizana kwenye korido na kupigana risasi. Hiyo ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Upande wetu hakuna mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Uliza yeyote.

Ila jambo moja lilinikaa kooni. Kompyuta ilikuwa yangu, ufunguo ulikuwa wa fundi. Kijana wa tai, amesomea chuo mjini. Alipoitengeneza aliweka neno la siri ambalo mashine ililidai kila ilipowashwa. Eti usalama. Sasa kila umeme ulipokatika, na stima ya Eastlands mnaijua, ilibidi nikapige simu ya kibandani, kisha nimngoje. Akifika ananiambia nigeuke niangalie ukuta, ndipo achape. Mimi, mwenye chumba, naangalia ukuta kama mtoto aliyeramba sukari ya wageni.

Kukawa na mashindano, timu ya Fedha na timu ya Njiru, zamu kwa zamu, atakayefika mbali ndiye mshindi. Niliyatangaza mwenyewe, mtaa mzima ukajua. Asubuhi ya siku yenyewe stima ikapotea, ikarudi, na mashine ikasimama palepale inadai neno. Nikampigia fundi. Hakupandisha sauti. Akasema amechoka kuwa mtu wa kuitwa. Kuanzia leo chumba kiwe chetu sote, nusu kwa nusu, la sivyo niifungue mwenyewe.

"Fikiria, mzee," akasema. "Nakuja mchana."

Nilirudi nyumbani. Chumba kile nilikitoa mgongoni mwangu, gunia kwa gunia, na mtu alitaka kukikata katikati kwa sababu ya neno moja.

Jirani yangu wa duka alikuwa Mswahili wa Mombasa, na binti yake, mtu mzima, alikuwa karani wa mizigo kule uwanja wa ndege. Binti huyo aliwahi kuniambia ofisini kwao kuna kompyuta inayotumia Linux, mfumo wa bure ambao hakuna anayekuwekea mlango. Nilimcheka siku ile. Cha bure, nikamwambia, ni mafua. Asubuhi hii sikucheka. Nilimkuta anafungua duka la babake, nikamweleza yote, akaja na diski zake kwenye mfuko wa mkate.

Alifungua kifuniko cha kompyuta, akachomoa betri ndogo ya duara kama sarafu, akangoja, akairudisha. Tulipowasha, mashine ilikuwa imesahau kudai neno. Nikapiga makofi.

"Usifurahi bado, kaka," akasema. "Huku ndani fundi amefunga tena kwa neno lingine, na mchezo wenyewe ameufunga. Nikiliondoa hili, kesho ukimwita atakuwekea lingine. Ama tufute kila kitu tuweke Linux, ama umngoje."

Nikamuuliza mchezo je. Akasema anao, ni uleule, uliotengenezwa kwa ajili ya Linux. Kama utakubali kwenye mashine yangu, hilo hawezi kuapa.

Nikasema futa.

Mashine ilipotaka neno la siri jipya, lile la mkubwa wa mashine anayeruhusiwa kubadilisha chochote, alinisogezea kibodi akageukia ukuta mwenyewe. "Lako hilo. Mimi sitaki kulijua." Nikalichapa kwa vidole viwili. Hata mama watoto hajawahi kulisikia.

Basi ikabaki skrini. Linux ya siku zile haikuijua skrini yako. Ulilazimika kuiambia kwa namba kasi ya skrini kuchora picha, na ukizidisha, skrini inaweza kuungua. Kibandiko chenye hizo namba kilikuwa kimebanduka kabla sijainunua. Tukiwa tumeinama nyuma yake kutafuta hata herufi moja, fundi akaingia, na wachezaji nyuma yake.

Akatazama kifuniko kilichoachwa wazi. "Umefuta kazi yangu."

"Nimefuta mashine yangu."

"Sawa. Itakuchomea skrini, na nyingine huna."

Nikamgeukia yule binti, dada wa watu, anitetee. "Hapo anasema kweli," akajibu.

Tukajaribu namba za katikati. Skrini ikaanza kupiga mluzi mwembamba, picha ikachanika vipandevipande. Nilichomoa waya ukutani kwa mkono wangu. Dada akajifuta jasho juu ya mdomo, akasema tushuke hadi namba za chini kabisa. Nikawasha. Picha ikaja, nene na mbaya, lakini ikasimama.

Mchezo ukafunguka. Bila sauti. Bunduki inatoa moto, kimya. Jitu linaanguka, kimya. Dada akajaribu hiki na kile, akatikisa kichwa.

"Sauti naiweza," fundi akasema, kwa upole kabisa. "Kadi ya sauti iliyomo naijua. Nipe tu neno la siri."

Wachezaji wakanigeukia mimi. "Mpe, mzee," kapteni wa Njiru akasema. "Game bila sauti ni kama kuangalia watu wakila kwa dirisha. Sisi tutaenda."

Niliwaamini. Wakienda, mashindano yameisha, na jina langu nalo. Nikavuta kiti nikaketi mbele ya kibodi.

"Njoo usimame hapa," nikamwambia fundi. "Wewe sema cha kufanya. Neno nachapa mimi, kila linapotakiwa."

Akakaza tai yake. "Mimi sifanyi kazi nikichungwa."

"Hata mimi nimechoka kuchungwa."

Akatoka. Kapteni wa Njiru akamfuata na wenzake karibu wote. Nikawasikia wakicheka hadi kwenye lami. Akabaki Mnjiru mmoja, aliyesema nauli ameshaitumia kuja na hawezi kurudi bila kucheza.

Akaketi. Vijana wa Fedha wakajipanga nyuma yake, na alipofyatua risasi ya kwanza mmoja wao akaipigia mlio kwa mdomo. Wa pili akadakia na mngurumo wa jitu. Wakaendelea hivyo, na dada naye akawa anaiga milio ya milango ikifunguka. Mimi nilisimama nyuma ya skrini, kiganja juu yake, nikipima joto, na sikukiondoa mpaka zamu ya mwisho ikaisha.