Polka ya Ishaq

Maskati, Februari 1968, Ijumaa baada ya Alasiri. Mtu mmoja aliingia nyumbani kwa Bibi Kheiria na sinia la haluwa begani, na kabla hajalitua, muziki ulimtaja.

Jina lake halikutamkwa na mtu. Lilipigwa kwa kodiani.

Magharibi ilipoadhiniwa, mtu huyo alikuwa na pingu za miguu.

Nilikuwepo. Nilikaa mkono wa kushoto wa mpiga kodiani, na fidla yangu begani. Nitaeleza nilichokiona na nilichokisikia. Nisichokijua nitasema sikijui.

Naitwa Aflah. Unguja nilikuwa mwalimu wa hesabu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nilifika Maskati na nguo nilizovaa na fidla. Rafiki yangu Yaarub alikuja na kodiani. Dada yake, Rahila, alikuja na tari, mumewe Ishaq, na mtoto mchanga aitwaye Nasriya.

Kodiani, fidla, tari. Hiyo ndiyo bendi nzima.

Tulipiga dansa za zamani: walsi, foksitroti, polka. Ndizo zilizopigwa kwenye klabu yetu ya Kiponda enzi za baba zetu. Hata Unguja vijana walikuwa wameshaanza kuzicheka. Maskati hazikujulikana kabisa, na muziki wa hadharani ulikuwa marufuku. Harusini tu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, wakubwa walijifanya hawasikii.

Basi tulipiga harusini. Watu waliotoka Unguja wakacheza, mume na mkewe, kama walivyocheza kwao. Majirani wakasema tumeharibika.

Bendi ilikuwa na desturi iliyotoka nayo Kiponda. Kila mtu wetu alikuwa na wimbo wake. Akitokea mlangoni, tunaacha tunachopiga, tunampigia wimbo wake kidogo, ukumbi unampigia makofi matatu, kisha dansa inaendelea. Bibi Kheiria alikuwa na walsi ya polepole. Mimi nilikuwa na foksitroti ambayo sikuwahi kuipenda.

Polka alikuwa nayo mmoja tu. Ishaq.

Hakuna aliyeicheza kama yeye. Akimzungusha Rahila, kina mama walishika vikombe vyao visiangushwe.

Mwaka 1965 Ishaq alikwenda Kuwait kutafuta kazi. Aliondoka bila ruhusa. Wakati ule ukiondoka bila ruhusa, huruhusiwi kurudi. Ukijipenyeza ukakamatwa, unalala ngomeni kwenye minyororo, na hakuna anayejua utatoka lini.

Mwanzoni mwa 1968 Ishaq alijipenyeza. Wavuvi walimshusha Yiti, kijiji cha pwani, akapanda milima kwa miguu, akaingia nyumbani kwa Rahila.

Habari zikavuja. Akida wa askari akaambiwa: kuna mtu kaingia, jina lake Ishaq, ni katika hawa wa Unguja. Sura yake akida hakuijua.

Wiki hiyo Bibi Kheiria alikuwa anamwoza mwanawe.

"Rahila, mwanangu," alisema mbele yangu, "huyo mumeo asikanyage hapa. Babake bi harusi kamwalika akida. Sina la kufanya."

"Haji, bibi," Rahila alijibu. "Ana wazimu gani?"

Ijumaa ikafika. Akida alikaa kwenye mto wa heshima, mtu mkimya, anakunywa kahawa na kutazama. Kwa ajili yake, wanawake walikuwa nyuma ya pazia, isipokuwa Rahila, aliyekaa kwenye kona ya pazia, karibu na mlango, na tari yake.

Wageni waliingia. Yaarub aliuelekea mlango kama kawaida, na kila mtu wetu alipoingia alimpigia wimbo wake. Makofi matatu. Mwingine akaja. Makofi matatu.

Kisha watu wa bwana harusi walisimama kufukizwa ubani. Mbele yetu pakawa na ukuta wa migongo. Mimi sikuona mlango. Yaarub, aliye mfupi kuliko mimi, hakuuona pia.

Tulikuwa katikati ya walsi. Walsi inahesabiwa tatu.

Tari ikahama. Ikahesabu mbili.

Katika bendi yetu tari ndiyo inayoongoza. Ikihama, unahama nayo, huulizi. Mbili za haraka zilikuwa polka, na polka ilikuwa moja tu. Vidole vya Yaarub vikaenda huko. Ukumbi mzima ukapiga makofi matatu.

Migongo ikaachana. Pale mlangoni alisimama Ishaq, ndevu kazipaka hina, kavaa kama watu wa Qurayyat, mji wa jirani.

Akida alisema Kiarabu, taratibu, kama anayeomba kahawa nyingine. "Huyu nani?"

"Mtu wa haluwa, bwana akida," Bibi Kheiria alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Zahran. Wa Qurayyat."

"Wa Qurayyat." Akaweka kikombe chini. "Nimekaa hapa tangu Alasiri. Mimi sikupigiwa wimbo. Kadhi hakupigiwa. Wanaopigiwa ni nyinyi mlotoka Unguja. Mtu wa haluwa wa Qurayyat kapigiwa kwa lipi?"

Akamgeukia mwenye sinia.

"Weka sinia, bwana," akamwambia Ishaq. "Usiimwage haluwa ya watu."

Ishaq akaliweka. Hakumtazama akida. Alimtazama Yaarub.

"Shemeji, umeniuza."

"Mkono ulikwenda wenyewe," Yaarub alisema. "Wallahi, Ishaq, mkono ulikwenda wenyewe."

Askari wakamtoa. Bwana harusi akaomba chakula kiletwe, kwa sababu kilikuwa kimeshaiva.

Yaliyompata Yaarub baada ya hapo niliyaona kwa macho yangu. Posa ya binti yake ilivunjwa. Harusi zikatupita. Sokoni wanaume wa kwetu walimtemea mate mbele ya miguu. Mmoja alikuwa na mzaha wake, hakuchoka nao:

"Shikamoo fundi. Leo unampigia nani afungwe?"

Yaarub aliitikia "Marahaba" na kupita.

Nilimwendea nyumbani. "Yaarub, tari ilihama kabla yako. Nilisikia."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Mtoto wa kike kuchanganya mdundo mbele ya akida si ajabu, roho ilikuwa juu. Ukisema, watamla yeye. Kodiani nlipiga mie."

Alikuwa kaka yake, na uamuzi ulikuwa wake. Nami sikuwa na ushahidi wa nia ya mtu. Nilikuwa na mdundo tu.

Julai 1970 utawala ulibadilika. Muziki ukasikika hadharani. Agosti, Ishaq akatoka ngomeni, mguu wa kushoto haukunjiki.

Bibi Kheiria akampikia pilau, akaita watu. Yaarub alikuja na kodiani, ameipangusa, vifungo vinang'aa. Alisubiri Ishaq amalize kula. Kisha akaiweka mbele ya miguu yake.

"Shemeji. Nisamehe, nikupigie polka yako, na watu waone."

Ishaq aliitazama. Akavuta kisu cha kukatia nyama kutoka kwenye sinia, akakunjua kodiani hadi mwisho, akaipasua mikunjo yake yote, upande hadi upande.

"Haya," alisema. "Sasa mkono na uende wenyewe."

Watu wakacheka. Walicheka kweli, na mmoja alipiga makofi matatu.

Maskati nzima sikujua kodiani nyingine. Nikasema.

"Ishaq, Yaarub hakukuona. Mbele yetu walikuwa wamesimama watu. Tulikuwa kwenye walsi, tari ikahamia mbili, kodiani ikafuata. Muulize mwenye tari."

Yaarub akanigeukia. "Aflah, nlikwambia unyamaze. Dada alikosea, basi."

Rahila alikuwa anamimina chai. Alimaliza kikombe alichokishika.

"Sijapata kukosea mdundo, kaka," alisema.

Ishaq akamgeukia mkewe.

"Ulinambia akida haji," Ishaq alisema. "Ulinambia nije na sinia, niwaage watu kwa macho."

"Nlikwambia."

"Na ulijua anakuja."

"Kaniambia bibi huyu hapa. Mwalimu Aflah alisikia."

"Kwa nini, Rahila?"

"Umesahau ulichofuata? Ulikaa kwangu, unakula wali wangu, ukanambia umeoa Kuwait na umekuja kumchukua Nasriya. Mimi nibaki na kaka yangu. Ulisema kama mtu anayekuja kuchukua godoro lake."

"Nasriya ni mwanangu."

"Ni wako. Mie nimepata kukaa naye mpaka leo."

Yaarub alikuwa amechuchumaa mbele ya kodiani iliyopasuliwa. "Miaka yote hii nlidhani umekosea," alisema. "Ulikuwa unaona wananitemea mate."

"Nlikuwa naona."

"Posa ya mwanangu ilivunjika, Rahila."

"Nlijua, kaka. Na ningekwambia kweli, ungefanyaje? Ungesema baba ndiye mwenye haki, ungempa mtoto."

Namfahamu Yaarub, angempa.

Bibi Kheiria ndiye aliyesema mwisho. "Ondokeni kwangu. Wote."

Wapo waliokwenda kumwomba Yaarub radhi. Niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vikabaki. Waliobaki walisema hata hivyo yeye ndiye aliyepiga. Mpaka leo wako wanaosema hivyo.

Funzo nililolipata ni hili, na silipambi: watu humhukumu aliyesikika. Aliyeanza hawamtafuti, kwa sababu kumtafuta ni kazi, na kumtemea mate mtu aliye karibu si kazi.

Rahila hakwenda mbele ya sheria. Alijua ataambiwa nini. Nasriya alikuwa na miaka sita, baba yupo, baba ana kazi inayomngoja Kuwait, na baba sasa ana paspoti, kwa sababu serikali mpya iliwapa wote waliotoka ngomeni.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti nilikuwa uwanja wa ndege wa Bait al Falaj. Yaarub alikuja pia, akasimama mbali na dada yake. Rahila alimfunga mtoto viatu, akamwambia awe anakula vizuri. Ishaq akamshika Nasriya mkono, wakatembea polepole, kwa sababu ya mguu.

Mtoto alipanda ngazi mbele. Ishaq akapanda nyuma yake, ngazi moja moja, ameshika chuma.

Mlango ukafungwa. Ndege ya Bahrain, njia ya Kuwait, iliondoka kabla ya Adhuhuri.