Filimbi ya Seonag na Dansi ya Ijumaa

Seonag, binti wa kaka yangu Lachlann, hajui kutulia. Hugawa barua hapa kisiwani Uist, Uskoti, kwa gari la posta, na hata akisimama mlangoni kwako, vidole vyake vinapiga filimbi ambayo haipo. Mwezi huo alikuwa hashikiki kabisa, na sababu tuliijua. Kaka yangu alipigia dansi za ukumbini kwa zumari lake la mfuko miaka arobaini, sasa mapafu yamemwisha. Kamati ya ukumbi ikasema Seonag ajaribu kwa filimbi Ijumaa. Wachezaji wakikaa chini, basi, itawashwa spika ya muziki wa kurekodiwa, na ukoo wetu ndio umekwisha pale jukwaani.

Msichana akajaza simu yake wapiga filimbi wa Ayalandi. Akawasikiliza njiani, jikoni, mpaka bafuni. Jumatano akaja kumpigia baba yake. Laini kama siagi! Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kwa raha.

"Tamu," Lachlann akasema. "Nani atacheza hiyo?"

"Kwani ina nini, Baba?"

"Haina meno. Unatenganisha noti kwa ulimi. Mfuko wa zumari una ulimi? Zikate kwa kidole! Waache hao wa filimbi. Sikiliza wapiga zumari. Sikiliza bibi zetu walivyoimba dansi kwa mdomo tu, zumari likikosekana. Halafu sikiliza miguu."

"Miguu ya nani tena? Zimebaki siku mbili!" Alikuwa karibu kulia, anaizunguka meza.

Kaka akamwimbia mwenyewe, noti fupi ikiiuma ndefu. Mistari mitatu tu, kikohozi kikamkaba.

"Rudia, Baba."

"We mtoto, unataka kumuua?" nilimfokea. Nilikuwa na hasira, lakini hofu ilizidi.

Lachlann akaninyooshea kidole. "Dada, simama ucheze."

"Na magoti haya? Una wazimu?"

"Cheza, we mnene, mtoto asikie."

Haya, nikacheza. Viatu vya bustani juu ya sakafu ya mbao, vikombe vinagongana kabatini. Seonag alifumba macho, filimbi mdomoni, akaifuata miguu yangu nyuma nyuma, kisha tukawa sambamba. "Tena, shangazi!" Jamani! Nilichezeshwa mpaka Alhamisi ikaisha, na magoti yangu hayajanisamehe hadi leo.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Dansi ya kwanza, wawili wakajikwaa, na mwenyekiti wa kamati akaanza kuisogelea spika. Seonag akasita, akainamisha macho kwenye miguu yao, akaingia upya. Hakuna aliyekaa. Walicheza mpaka chai yangu ikapoa birikani.

Alishuka jukwaani, moja kwa moja kwa baba yake. "Nimepiga vizuri?"

"Sijui," Lachlann akasema, machozi yanamtiririka wala hayafuti. "Nilikuwa nawaangalia wanaocheza. Hakuna hata mmoja aliyekutazama. Mimi nilihangaika miaka kumi kabla hawajaacha kunitazama."