Mshona Vitabu wa Soweto na Karatasi Sita

Ninachokwenda kusimulia hapa hutakiamini, na wala sitakulaumu, maana mimi niliyekuwepo na kukishika kwa mikono yangu huwa nasita kukiamini. Lakini weka kikombe chini usikilize. Mimi si mtu wa kuongeza chumvi. Uliza mtu yeyote kwetu Iyunga, isipokuwa dada yangu Sekela na mume wake, hao wana chuki zao.

Habari yenyewe ni ya huyo mume wake. Anaitwa Timotheo, Mhehe wa kutoka Kilolo kule Iringa, mfupi, mkimya, vidole vimekakamaa kwa gundi. Ana kibanda pale Soweto ya Mbeya na kazi yake ni kushona vitabu. Unamletea Biblia iliyopasuka mgongo, au kitabu cha nyimbo kilichokaliwa na kwaya nzima, naye anapika gundi ya unga wa ngano kwenye kopo la maziwa, anatoboa matundu kwa sindano ya viatu, anashona kwa uzi wa viroba, na kitabu kinarudi kwako kigumu kama tofali.

Alipokuja kumposa dada yangu nilimpokea kama Mnyakyusa anavyopaswa kumpokea mgeni wa namna hiyo. Nikamwambia, "Wewe Mhehe, kwetu tunataka ng'ombe, hatutaki vitabu vya nyimbo."

Akasema, "Ng'ombe nitaleta, shemeji. Wewe leta Biblia yako niishone."

"Yangu haijapasuka."

"Najua. Haijafunguliwa."

Baba yangu alicheka mpaka akakohoa, na posa ikakubaliwa palepale. Toka hapo nikawa nampenda, ingawa sikumwambia.

Walizaa mtoto mmoja, Frida. Huyo ni mpwa wangu, aliyekuwa akiniita "mjomba muongo" kabla hajajua kuvaa viatu. Alikuwa anashinda chini ya meza ya baba yake, anampitishia uzi kwenye tundu la sindano, na akigeuziwa mgongo analamba gundi. Alikuwa na miaka saba homa ilipomchukua, kwa siku tatu tu. Sitaandika zaidi ya hapo, kuna mambo hata mimi siyachezei.

Timotheo aliendelea kwenda kanisani, ila midomo ilikuwa haifunguki. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia mbele za watu kwamba huzuni isiyoisha ni upungufu wa imani. Timotheo akainuka akatoka. Alirudi kibandani akakaa, hata gundi hakupika.

Mwaka uliofuata alienda kwao Kilolo kwa Sikukuu ya Mavuno. Kama hukukulia kwenye kanisa la kwetu nikueleze: siku hiyo kila mtu analeta sadaka ya kazi ya mikono yake, mwenye shamba mahindi, mwenye kuku kuku, fundi seremala kigoda, na baada ya ibada vitu vinanadiwa pale nje. Basi katikati ya boga na jogoo aliyefungwa miguu, mtu alikuwa ameleta kitabu kikuukuu kilichosalia kwenye nyumba ya wamisionari. Hakikuwa na jalada, kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, na hakuna aliyekitaka. Timotheo alikichukua kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeshonwa kwa namna ambayo hajawahi kuiona.

Kilikuwa cha Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba, lakini Kiingereza cha kwenye kopo lolote la dawa ya mahindi nakisoma bila kusita. Hicho kilinishinda. Kilichapwa zamani sana, miaka kama mia nne nyuma, na aliyekiandika, jina lake likiwa kwenye tumbo la mchwa, alikuwa tabibu na mchungaji kwa pamoja. Mwalimu Goodness wa sekondari alipoonyeshwa alishika kiuno akasema, "Baba Frida, hiki hakimo kwenye mtaala wowote." Lakini alimsaidia, na kwa kamusi na jioni za Jumamosi Timotheo akaanza kukifasiri kwenye kaunta buku.

Ndani yake kulikuwa na mambo! Kwamba mwili wa mwanadamu unaendeshwa na maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na yakizidiana ndipo tabia inapoharibika. Kwamba ini ni jiko na moyo ni ikulu. Kwamba watu wa dini wamegombana juu ya mahali roho inapokaa, wengine kwenye moyo, wengine kwenye kichwa, na mwandishi mwenyewe alikuwa anaona inatembeatembea. Timotheo akaanza kutupanga wote. Dada yangu Sekela, nyongo ya manjano, na hapo sikuwa na ubishi. Mimi, damu.

"Damu ni nzuri?" nikamuuliza.

"Mwenye damu nyingi ana uso mchangamfu," akanisomea. "Hupendwa na watu. Husema kabla ya kufikiri, na hupenda kusifiwa hata kwa asichokifanya."

"Hicho kitabu kimeandikwa na mtu mwenye wivu," nikasema.

Yeye mwenyewe alijiweka kwenye nyongo nyeusi, inayoleta huzuni. Na sura aliyoipenda ilikuwa hiyo, ya huzuni. Yule tabibu alisema huzuni ni moshi wa jiko la ini unaopanda kichwani, na kwamba mwenye nayo asikemewe wala asiambiwe amemkosea Mungu, bali afunguliwe dirisha, aletewe muziki, na apewe divai kidogo. Timotheo aliandika ulanzi, kwa kuwa divai ya Iringa ni ulanzi, pombe ya mianzi. Nakumbuka siku aliyomaliza sura hiyo. Aliweka kalamu, akaenda kufungua dirisha la kibanda lililokuwa limepigiliwa misumari tangu mazishi.

Kazi ile ilimchukua miaka tisa. Rafiki yake mmoja tu ndiye alikuwa anasomewa, mtu anaitwa Gideon, mwinjilisti wa kujitegemea, mtu wa tai hata siku ya kulima. Timotheo alimshonea Biblia mara tatu bila malipo. Jumamosi walikaa wawili hao na chai, wanabishana roho inakaa wapi, mpaka dada yangu anawafukuza. Gideon alisomewa sura zote, lakini daftari lenyewe hakupewa kulishika, wala mimi sikupewa. Sikujua sababu. Sababu ilikuwa kwamba katikati ya sura ya huzuni Timotheo alikuwa ameshonea karatasi sita zake mwenyewe, juu ya Frida. Mule aliandika alichokuwa akikifanya yule mtoto chini ya meza, na neno la mwisho alilolisema, na kwamba yeye baba yake alikaa miaka miwili akisimama kanisani bila kuomba. Mkewe alijua. Hakuna mwingine.

Sasa tufike kwangu. Mimi ndiye mnadishaji wa kanisa pale Soweto. Hili silisemi kwa kujisifu: naweza kunadi kivuli chako ukakinunua mwenyewe. Mwaka juzi, Sikukuu ya Mavuno, Timotheo alitoa sadaka ya vitabu vitatu vya nyimbo alivyovishona, akanituma kibandani nikavichukue. Nikavikuta mezani, na pembeni yake daftari. Nikafikiri: huyu shemeji yangu amefanya kazi ya profesa, na watu wanamjua kama fundi wa gundi. Nitalinyanyua mbele za watu, waone, wampigie makofi, halafu nitalirudisha.

Nililinyanyua. Nikasema, "Hili haliuzwi! Hili ni la kutazama tu! Elimu ya Waingereza wa kale, imefasiriwa na shemeji yangu huyuhuyu!" Makofi yakaja. Na makofi, ndugu yangu, ndiyo ugonjwa wangu.

Gideon akapaza sauti toka nyuma, "Kuku wawili!"

Watu wakacheka. Nikasema, "Kuku wawili kwa elimu ya miaka mia nne? Nani anaongeza?"

Nilikuwa natania tu. Mama mmoja akataja mkungu wa ndizi. Gideon akataja gunia zima la mchele. Kwaya ikaanza kuimba, watu wakapiga vigelegele, na mdomo wangu ukaanza kwenda peke yake: mara ya kwanza, mara ya pili. Hapo nikamwona Timotheo. Alikuwa ameinua mkono, nusu, hivi, kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu. Mkono wenye gundi. Niliuona vizuri sana.

Nikasema, "Mara ya tatu!"

Kikishanadiwa kwenye mavuno, kitu kimekuwa cha Mungu. Hakirudishwi, hata ukinadi kanzu ya mchungaji kwa bahati mbaya. Timotheo alishusha mkono. Angesema nini, mbele ya waumini wote na kwaya? Kesho yake alimfuata Gideon nyumbani. Alimwambia, "Daftari baki nalo. Nikatie karatasi sita tu, ni za mwanangu."

Gideon akamjibu, "Ndugu yangu, mimi nimenunua kwa Bwana. Ngoja kwanza nizisome." Wiki ile ile alihama Mbeya.

Dada yangu alikuja kwangu Iyunga kwa miguu. Hakuketi. Alisema, "Kaka, umemuuza Frida kwa gunia la mchele," akageuka akaondoka. Na Timotheo toka siku hiyo aliacha kuniita shemeji. Nikipita kibandani ananiambia, "Karibu, mteja." Karibu, mteja! Mimi niliyemla ng'ombe wake wa posa!

Ikapita miezi minane. Siku moja nilikuwa nimekaa pale kibandani kama mteja, na Biblia yangu isiyopasuka mkononi, akaingia Msukuma mmoja mrefu wa Usangu, anaitwa Bujiku, analima mpunga na kuchunga upande wa Chimala. Ameleta kitabu cha nyimbo kimeachia kurasa. Timotheo akaanza kushona, na yule akaanza kuongea.

"Mimi, mzee, bila huyu mtumishi wa pale Chimala ningeshakufa," akasema. "Nilifiwa na mke, nikaacha kula. Nikaenda kumsikiliza. Ana daftari, kalifasiri mwenyewe kutoka kwa waganga wa zamani wa Uingereza. Akanisomea huzuni yake. Na yeye alifiwa, mzee. Mtoto wa kike."

Sindano ya Timotheo iliendelea kwenda.

"Alisema anaitwa nani, huyo mtoto?"

"Frida. Alilia, mzee, mtu mzima na tai yake. Akasema, mwanangu Frida alikuwa akikaa chini ya meza yangu."

"Akifanya nini chini ya meza?"

"Analamba gundi." Bujiku akacheka kidogo, kwa upole. "Mtoto wa mtu wa Mungu, analamba gundi. Nilipotoka pale nikala ugali."

Gideon hana mtoto. Hajawahi kuwa naye. Mimi nilitazama sakafu, maana kutazama pengine popote sikuweza. Timotheo alimaliza kushona, akakata uzi kwa meno, akampa Bujiku kitabu chake, akamtakia safari njema. Bujiku alipotoka, Timotheo akaniambia bila kuniangalia, "Mteja. Daftari silitaki, aliyeponywa nalo aponywe. Lakini nataka karatasi sita. Yule ni mwanangu, si wake."

Basi nikaenda Chimala.

Hapa ndipo pasipoaminika. Ilikuwa siku ya gulio, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, pumba zimerundikana kama mlima Rungwe. Gideon amesimama juu ya kreti ya soda, kipaza sauti mkononi, daftari kwenye kigoda kilichotandikwa kitambaa cheupe. "Mwanangu Frida," anasema, "mwanangu Frida," na kina mama wanafuta macho. Mbele yake kulikuwa na watu elfu mbili, kama si elfu tatu. Nikaupasua ule umati kwa mabega. Nikamkamata tai, nikamwinua kwa mkono mmoja mpaka viatu vyake vikaning'inia, nikamwambia kwa Kiingereza kilekile cha miaka mia nne kwamba ini lake linafuka. Gideon akapiga magoti kwenye pumba, akalia, akasema, nisamehe mnadi—

"Mteja, aliyepiga magoti ni nani?"

Huyo ni Timotheo. Nimekaa kibandani kwake naandika, kwa kuwa amekubali kuzishona habari hizi nikimaliza, na sikujua kwamba anasoma juu ya bega langu. Mbele yake mezani ziko zile karatasi sita. Matundu ya sindano yamepanuka, na ukizikunja zinamwaga pumba.

"Nimeandika hapo," nikamwambia. "Gideon."

"Bujiku alikuwepo. Amenieleza. Gideon alikuambia sadaka hairudi, ukapiga magoti wewe. Ukasema, 'Niliuona mkono wake nikanadi, na mimi ni mjomba wa mtoto.' Watu wa pale ndio waliomgeukia Gideon wakamwambia azikate."

Kutoka dirishani kulikuwa na upepo.

"Andika hivyo," akasema, "au sishoni."

Haya. Nilipiga magoti mimi, kwenye pumba, na suruali ya kanisani, mbele ya watu elfu mb—

"Kumi na wanne, shemeji."