Joki Aliyemsalimia Mama Mkwe

Wiki jana nilihudhuria kikao cha rufaa cha mbio za farasi mjini Nanyuki. Joki mmoja kutoka Endarasha alikuwa amefungiwa kushiriki mbio kwa miezi mitatu. Akiwa anaongoza, hatua chache kabla ya mstari wa mwisho, aliachilia hatamu, akashika kofia na kuwainamia watazamaji. Farasi akapunguza mwendo, wakapitwa. Wasimamizi walisema alishindwa makusudi.

"Niliona mama mkwe," akajitetea. "Singempita tu hivyo."

Mwenyekiti wa jopo akakunja uso. "Ati mama mkwe? Tutaamini aje?"

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja na kiondo chake, akiomba radhi kwa kuchelewa. Kabla hajamaliza, joki alikuwa ameruka wima, akamgeuzia mwenyekiti mgongo na kuinama, mkono ukishika kofia ambayo hakuwa ameivaa.

Jopo zima likaangua kicheko. Adhabu ikafutwa papo hapo.

"Lakini mama," mwenyekiti akasema akipangusa machozi, "siku ingine simama baada ya mstari wa mwisho. Akusalimie akishashinda."

Nilicheka pia, ingawa mimi, nikimwona wangu, ningeshuka kwenye farasi kabisa.