Sindano ya Baba Mkwe

Kabla watu wa hospitali ya Gihundwe hawajawasimulia, heri nijianike mwenyewe.

Sisi tuliorudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu ya vita bado tunatafuta kazi yoyote. Mimi nilipata ya kumtafsiria daktari Mchina anayejua Kifaransa, aliyekuja Kamembe kutuonyesha tiba ya kwao ya sindano. Mgonjwa wa kwanza akawa baba wa mchumba wangu, mzee mkali anayeumwa kichwa tangu tukimbie.

"Mwambie ajitayarishe," daktari akasema, akaenda kunawa mikono.

Mimi mjuaji sikuuliza. Kwetu sindano huchomwa mahali pamoja tu.

"Papa, lala na tumbo, shusha pantalo."

"Lakini miye njo kichwa inaniuma!"

"Dawa itapanda yenyewe, Papa."

"Mbele yako, mukwe?"

Nikageukia ukuta, maana uchi wa baba mkwe hautazamwi. Nikasikia mkanda ukifunguliwa, kitanda kikalia.

Daktari akarudi na visindano vyembamba kama unywele, visivyo na bomba wala dawa. Akasimama ghafla.

"Kwa kichwa nachoma hapa," akaniambia kwa Kifaransa, akigusa mkono wake, kati ya kidole gumba na cha shahada. "Mbona huyu mzee amevua suruali?"

Sauti ya mzee ikatoka kwenye mto wa kitanda:

"Mukwe, anasema nini?"

Na kazi yangu, ndugu zangu, ni kutafsiri.